Nyumba Njema si Mlango



Msomaji mmoja, mwalimu, ameniandikia barua fupi yenye swali refu. Asema hivi: "Bwana Karani, nimepata kiwanja, na akiba ninayo kidogo. Mke wangu ataka nyumba yenye paa la pembe nyingi kama zile za mjini. Mimi nataka ghorofa. Na fundi atuambia kwamba yote mawili yawezekana. Twaomba shauri lako. Nyumba ya namna gani ndiyo bora?"

Nilipoisoma barua hiyo nilicheka peke yangu, si kwa kumdharau mwalimu, bali kwa sababu miaka mitatu iliyopita swali lilo hilo lilikuwa juu ya meza yangu mwenyewe, nami nilikaribia sana kulijibu vibaya. Mimi si mjenzi. Ni karani wa serikali, na kazi yangu ni kalamu na majalada. Sitamfundisha mtu kushika mwiko wala timazi. Walakini mtu akiisha kuponea chupuchupu kutumbukia shimoni, yampasa awaonyeshe wenzake lilipo lile shimo.

Nilikuwa na picha ya nyumba niliyoletewa na rafiki yangu kwa simu. Ilikuwa na ghorofa moja juu, nguzo nne mbele nene kama mibuyu, roshani yenye vyuma vya kung'aa, na paa lililokunjwa kunjwa kama karatasi ya barua. Niliipenda mno picha ile. Kila jioni niliitazama, nikajiona nimesimama juu ya roshani nikiwapungia mkono wapita njia. Kiwanja chetu kiko katika vilima vya Machakos, mahali pa mteremko na mvua haba. Akiba yetu tulikuwa tumeiweka kwa miaka tisa katika chama cha akiba na mikopo, na chama kilikuwa tayari kutukopesha mara tatu ya akiba hiyo, kama vyama vingi vifanyavyo. Mkopo ungelipwa kwa miaka minne, na miaka hiyo minne ndiyo ile ambayo mtoto wetu wa kwanza angekuwa katika shule ya sekondari.

Nikamwonyesha mke wangu ile picha. Akaitazama kwa muda bila kusema neno, kisha akaniuliza, "Baba watoto, mwaitu atalala wapi?"

Mwaitu, kwa lugha yetu ya Kikamba, ni mama. Mama yangu mzazi ni mzee, na magoti yake yamechoka. Kupanda ngazi tatu za kanisani kwake ni safari. Na katika picha yangu vyumba vyote vya kulala vilikuwa juu, isipokuwa kimoja. Nikamjibu, "Atalala chini, katika chumba cha wageni."

Mke wangu akasema, "Kumbe mwaitu ndiye mgeni?"

Sikuwa na jibu. Nikaifunga simu, nikaenda kulala, lakini usingizi haukuja upesi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa kaka yangu, ambaye ameniruhusu niandike habari zake, maana asema kosa lisilosimuliwa hurudiwa. Kaka yangu alikuwa mwalimu. Alipostaafu alilipwa kiinua mgongo chake, akaanza kujenga ghorofa. Msingi ukachimbwa, kuta zikapanda, sakafu ya juu ikamwagwa simiti. Na hapo fedha zikaisha. Tangu siku ile hata leo, vyuma vya nguzo vimetokeza juu ya nyumba vikielekea mbinguni, navyo vimekula kutu. Mvua ikinyesha, maji hupita katika sakafu ile ya juu yakadondoka sebuleni. Yeye na shemeji wanaishi katika vyumba viwili vya nyuma, vilivyofunikwa kwa mabati ya kushikiza. Baba yetu alikuwa ameahidiwa chumba katika nyumba ile, chenye dirisha la kutazama shamba lake. Alikiulizia mara nyingi. Alifariki kabla mlango wake haujatiwa, na waombolezaji walipokuja walikaa nje chini ya turubai, kwa kuwa nyumba kubwa haikuwa na paa.

Kaka yangu aliniambia, "Mdogo wangu, mimi nilijenga nyumba ya wapita njia. Wewe jenga ya watakaolala ndani."

Basi, Bwana Mwalimu, jibu langu liko katika maneno hayo. Usianze kwa kuuliza nyumba gani yapendeza. Uliza kwanza nani atalala ndani, jua litapita wapi, maji yatatoka wapi, na fedha zitafika wapi. Ukiisha kujibu maswali hayo manne, nyumba yenyewe itakuwa karibu imejichagua.

Tena si jambo geni. Wazee wetu hawakujenga kwa kubahatisha. Nyumba ya msonge iliyotumiwa na makabila mengi ya bara ilikuwa ya mviringo kwa sababu njema: mviringo ndio umbo liwezalo kuzingira nafasi kubwa kwa ukuta mfupi kuliko maumbo yote, na paa lake la nyasi lililochongoka huteremsha mvua upesi. Katika boma la Wajaluo nyumba ya mke wa kwanza ilielekea lango, na vijana wa kiume walijenga zao karibu na lango. Kila mtu alijua mahali pake hata kabla ya mti wa kwanza kukatwa. Ukienda Lamu, mji wa mawe ulioandikwa mwaka 2001 katika urithi wa dunia, utaona kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba virefu lakini vyembamba, ambavyo upana wake ni kama mita 3 tu. Kwa nini vyembamba? Kwa sababu dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba dari nzito ikiwa ndefu kupita kiasi hicho. Mjenzi wa Lamu aliuliza boriti yake kwanza, ndipo akachora chumba. Sisi leo twachora chumba kwanza, kisha twashangaa kwamba hatuna boriti.

Sasa nitasema machache tuliyojifunza tulipokuwa tukichagua, mimi na mke wangu, kwa msaada wa mchora ramani na fundi mmoja mzee.

La kwanza ni watu. Tuliandika majina ya wote watakaokaa katika nyumba, na kando ya kila jina tukaandika haja yake. Mama: chumba cha chini, karibu na choo, bila ngazi. Watoto: mahali pa kusomea penye taa. Mke wangu: jiko ambalo moshi wake hauingii chumbani. Mimi niliandika roshani, kisha nikaifuta. Kwa ajili ya mama tuliamua milango iwe na upana wa sentimeta 90, ili hata kama siku moja atahitaji kiti cha magurudumu, kipite. Na kwa kuwa sakafu yetu imeinuka sentimeta 45 kutoka ardhini, tulitengeneza njia ya mteremko mlangoni badala ya ngazi. Kipimo chake ni rahisi: kila sentimeta 1 ya kupanda yahitaji sentimeta 12 za urefu; kwa hiyo njia yetu ina mita 5 na sentimeta 40. Jambo kama hilo ni rahisi likipangwa kabla ya msingi, bali ni ghali sana likikumbukwa baadaye.

La pili ni jua na upepo. Katika nchi yetu, iliyokatwa na Ikweta, jua la kutesa ni lile la asubuhi na la alasiri, linalopiga kuta likiwa chini. Kwa hiyo yafaa nyumba ilale toka mashariki hata magharibi. Kuta fupi zielekee mapambazuko na machweo, na kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini. Chumba cha kulala kikiwa na dirisha kubwa la magharibi, ukuta hushiba joto la alasiri, na usiku ukutaka usinzie yeye hukutolea joto lile. Wale wa Pwani, ambako kuna joto na unyevu, huhitaji madirisha yanayokabiliana ili upepo uingie huku utokee kule. Wale wa nyanda za juu, kama Limuru au Kinangop, huhitaji zaidi kuzuia baridi. Nyumba iliyofaa Nyali haiwi lazima ifae Nyeri.

La tatu ni maji, na kwetu Ukambani hili ndilo kubwa. Milimeta 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1 ya maji. Fanya hesabu: paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimeta 700 za mvua kwa mwaka, hupokea lita 70,000. Hata tukisema sehemu moja katika tano hupotea kwa kuvuja na kukauka, zabaki lita 56,000. Jamaa ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, hutumia lita 120. Kiangazi chetu kirefu, toka Juni hata Oktoba, ni kama siku 150. Basi tangi la lita 18,000 likiwa limejaa lingetuvusha. Mama yangu amechukua maji mgongoni tangu utoto wake. Nilipoimaliza hesabu hiyo niliona haya kwamba nilikuwa nikifikiri habari za nguzo nne za mbele, ambazo hazishiki hata tone.

La nne ni umbo. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 10. Eneo lake ni mita za mraba 80, na ukuta wake wa nje una urefu wa mita 36. Sasa chukua nyumba iliyopindwa kama kiwiko, ya mita 12 kwa 10 iliyokatwa pembe moja ya mita za mraba 40. Eneo lake ni lile lile, mita za mraba 80, lakini ukuta wake wa nje umekuwa mita 44. Umeongeza mita 8, na kama ukuta una kimo cha mita 3, umenunua mita za mraba 24 za mawe, simiti na lipu, wala hukupata nafasi ya kuweka hata kigoda kimoja zaidi. Na hiyo ni kona moja tu!

Paa nalo ni vivyo hivyo. Paa la pande mbili lahitaji mifereji miwili ya maji, na mbao zake hukatwa kwa kipimo kimoja. Paa la pembe nyingi lina mabonde, na kila bonde ni mahali ambapo maji hukutana na majani hukwama. Hapo ndipo kuvuja huanzia. Sisemi paa la namna hiyo ni baya; mwenye mali ya kulijenga vema na kulitunza na afanye. Nasema tu kwamba lina kodi yake, na kodi hiyo hulipwa kila masika. Ukinunua mabati, ujue kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30. Namba ikipanda, bati hupungua unene. Wala usidanganywe na bei ndogo ya mabati ya zamani ya asbesto yaliyobomolewa mahali pengine. Vumbi lake hudhuru mapafu, na kanuni za taka za mwaka 2006 ziliitia asbesto katika hesabu ya taka za hatari.

La tano ni ardhi na vitu vya kujengea. Fundi wetu mzee alichimba shimo la kujaribu kabla ya kusema lolote la ramani. Penye ule udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, msingi mfupi huleta nyufa, hata nyumba iwe nzuri namna gani. Yapasa kuchimba hata kufikia ardhi ngumu. Kwetu tulipata ardhi ngumu upesi, tukashukuru. Kuta tulizijenga kwa matofali ya udongo wa hapo hapo, uliochanganywa na simiti kidogo na kushindiliwa kwa mashine, yasiyohitaji kuchomwa kwa kuni. Jirani mwenye machimbo ya mawe karibu atumie mawe. Wa Pwani ana matumbawe. Kitu kinachotoka mbali huja na nauli, na nauli haijengi ukuta.

La sita ni mfuko. Tuliikataa ile mara tatu ya akiba, tukakopa kiasi kile tu ambacho mshahara wangu waweza kulipa baada ya karo ya shule kutolewa. Kisha tukamwomba mchora ramani achore nyumba nzima ya vyumba vitano, lakini ijengwe kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni sebule, jiko, choo na vyumba viwili vya kulala, vilivyokamilika kabisa: paa, milango, madirisha na sakafu. Upande wa mashariki fundi aliacha meno katika ukuta, yaani matofali yaliyotokeza moja moja, ili siku ya kuongeza vyumba ukuta mpya ushikamane na wa kale. Nyumba ndogo iliyokwisha hulaza watu usiku wa leo. Nyumba kubwa isiyokwisha hulaza popo.

Na kwa kuwa mimi ni karani, nitaongeza neno moja la ofisini. Kwa sheria ya mwaka 2019 ya kupanga matumizi ya ardhi, ruhusa ya ujenzi huombwa kwa serikali ya kaunti. Peleka ramani yako kabla ya kuchimba, wala usiseme, "Hii ni shamba langu, nani ataniuliza?" Hakikisha mipaka na hati ya kiwanja. Kadhalika choo cha shimo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, tena upande wa chini wa mteremko. Karatasi zaweza kuchosha, lakini kubomolewa kunachosha zaidi.

Kabla ya kuchimba msingi tulifanya jambo moja ambalo namsihi kila mtu alifanye. Tulichukua vigingi na kamba, tukaichora nyumba nzima juu ya ardhi kwa vipimo vyake kamili. Penye milango tuliacha nafasi. Tukaleta kitanda cha mama kutoka nyumba yake ya zamani, tukakiweka ndani ya kamba za chumba chake, chumba cha futi 10 kwa 12. Majirani waliopita walidhani tumerukwa na akili, kitanda kimekaa uwanjani mchana. Mama akaja na fimbo yake. Akaingia kwa nafasi ya mlango, akaenda hata kitandani, akaketi. Akatazama upande huu na upande huu. Kisha akasema, "Mwanangu, dirisha hili mmeliweka wapi? Kutoka hapa siioni miembe ya baba yako."

Tukalihamisha dirisha. Kuhamisha kamba kulituchukua dakika moja, wala hakukutugharimu senti. Kama ingekuwa ni ukuta, ingekuwa habari nyingine.

Paa lilimalizika mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli. Usiku wa mvua ya kwanza tulikuwa wote ndani, na kaka yangu alikuwa amekuja kututembelea. Tuliyasikia maji yakipita katika mifereji na kuanguka ndani ya tangi tupu kwa kishindo, kisha kishindo kikapungua kidogo kidogo kadiri tangi lilivyojaa. Kaka yangu alitoka mara mbili na tochi kulitazama. Aliporudi mara ya pili aliuliza bei ya mabati, na juma lililofuata alimwita yule fundi mzee akapime nyumba yake. Ghorofa ameiacha. Vyuma vile vimekatwa, na paa la kawaida la pande mbili sasa limefunika vyumba vinne vya chini. Dirisha la chumba alichoahidiwa baba limetiwa kioo.

Kwa hiyo, Bwana Mwalimu, sikuambii usijenge ghorofa, wala simkatazi mkeo paa la pembe nyingi, ikiwa akiba yenu yaweza kulifikisha mwisho na karo za watoto zikabaki salama. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Keti na mkeo leo jioni, mwandike majina ya watakaolala ndani, na kando ya kila jina haja yake. Mkiisha, mwite fundi, mwonyesheni orodha hiyo kabla hajawaonyesha picha.

Nami ningependa kusikia mlivyoamua. Wasomaji wengine wenye maarifa ya kujenga, hasa wa Pwani na wa kando ya Ziwa, na waniandikie. Vyumba vyangu viwili vya upande wa mashariki bado havijajengwa, nami bado ni mwanafunzi.

Kwaherini hata juma lijalo.